Daftari la Naliaka wa Chwele

Kijana wa kampuni alishuka kwenye pikipiki,
akajipangusa vumbi, kompyuta kwapani,
akaniuliza kama naujua mwenendo wa soko.
Nikamwambia soko ni Jumatatu na Alhamisi,
siku nyingine ni mbwa na maganda ya ndizi.

Akacheka. Hakumaanisha hilo.
Alimaanisha michezo ya simu, ile myepesi:
ya kupasua matunda, ya kupanga matofali,
ya nyoka anayekula asishibe.
Akanifungulia chati. Magharibi yote mstari mmoja wa buluu,
unapanda, unashuka, kama homa ya malaria.
"Hapa," akasema, "Agosti. Mwaka juzi ulianguka.
Mwaka jana haukuanguka. Hatujui kwa nini."

Nikatoa daftari.
Mimi huandika. Shilingi ishirini kuweka mchezo,
kumi kwa anayekuja na kadi yake,
bure kwa mtoto wa Khisa, mama yake alinishonea pazia la kibanda.

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili
vijana wetu wako barabarani, njuga mikononi,
wanawaita wajomba, jasho na vumbi hadi usiku.
Nani atapanga matofali wiki ambayo kisu kinanolewa?

Januari ni karo. Simu huja kuuzwa, si kuchezwa.
Aprili mvua huondoka na stima, nachaji kwa betri ya gari,
na mtu hatoi kumi ya chaji aimalizie kwa nyoka.
Kiwanda kikilipa malimbikizo ya miwa
ndipo mstari wako hupanda. Siku tatu. Nne.
Kisha kila mtu hukumbushwa anayemdai.

Aliandika mbio, kichwa chini.
Halafu: "Na wanaolipa ndani ya mchezo?"

Nikamtazama Nelima.

Nelima huuza vitunguu mkabala na kibanda changu.
Kona ya chini kulia ya kioo chake ilikufa
siku simu ilipoangukia mawe ya mizani.
Tunda likidondokea kona ile, hawezi kuligusa.
Amefika ngazi ya mia sita na kumi na moja kwa kuzunguka.
Kioo kipya elfu moja mia nane, nilimwambia.
Akasema, kona yenyewe si kubwa.

Hajawahi kununua nyundo, wala moyo, wala sarafu ya dhahabu.
Maisha yakimwishia huingiza simu chini ya gunia,
hungoja nusu saa yajazwe upya, huku akipima kilo.
"Ningepewa mimi hivyo," alisema siku moja,
hakuendelea, mteja alikuwa amefika.

Kijana akaitafuta Chwele kwenye jedwali:
wachezaji wengi, dakika nyingi, mapato sifuri.
Hakulisema kwa ubaya.
Akanunua chungwa, akaenda zake.

Miezi mitatu baadaye mchezo ukafungwa.
Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, nikamsomea:
samahani, huduma hii haipatikani tena katika eneo lako.
"Eneo langu lipi?" akauliza.
"Hapa kwenye vitunguu, au Chwele nzima?"
Akanipa ishirini nimwekee tena.
Nilijaribu hadi betri ikachoka.
Ile ishirini imo daftarini, upande wa madeni yangu,
na kila nikitaka kumrudishia ananiambia jaribu kesho.

Alhamisi hii nimemwona akipanga mali juu ya gunia,
vitatu vitatu, vyekundu kwa vyekundu,
vyeupe kwa vyeupe, mistari imenyooka.
Kona ya chini kulia ameiacha wazi.
Akaweka cha mwisho, akaondoa mkono,
akavitazama kidogo.

Havikupasuka.
Mtu akauliza bei.